Kijiko Kimoja cha Ziada Shambani kwa Bi Zuwena

Tangu nistaafu, watu wa hapa Mafia hawaniulizi kwanza habari za afya yangu. Wakishanipa shikamoo na mimi nikajibu marahaba, wanaingia moja kwa moja: "Fundi Sefu, nina kitrekta changu nyumbani. Ninunue mkono wa kuchimbia niufunge kwa nyuma, au niache?" Vijana mnaonifuata kwenye kazi hii mtaulizwa swali hilo mpaka mchoke. Kwa hiyo nimekaa leo niwasimulie habari za mtu aliyelijibu vizuri kuliko yeyote niliyewahi kumwona. Mtu huyo si fundi. Ni mwanamke wa Baleni, anaitwa Bi Zuwena, na mimi nusura nimharibie.

Kwanza mnijue. Nimeendesha mitambo zaidi ya miaka thelathini. Nimechimba mitaro ya barabara, misingi ya nyumba, mashimo ya vyoo, na mara moja nilifukua jahazi zima lililozikwa na mchanga, mwenyewe akilia pembeni kama aliyefiwa. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Pongwa, mtu wa Tanga, mfupi, mwenye sauti ya chini. Miezi mitatu ya mwanzo hakunigusisha leva hata moja. Kazi yangu ilikuwa kupaka grisi. Nilinung'unika sana, mpaka siku moja akaniambia, "Sefu, ukipaka grisi unashika kila kiungo cha mashine kwa kidole chako. Mwezi wa nne utajua kipi kimelegea kabla hakijaanza kupiga kelele." Ikawa hivyo. Hata leo nikisogelea mtambo, mkono wangu unakwenda kwenye pini bila mimi kuutuma.

Sasa, huu mkono wa kuchimbia. Trekta la kawaida linavuta jembe, linavuta tela, basi. Ukilifunga mkono kwa nyuma, wenye kijiko cha chuma mwishoni, unaosukumwa na mafuta ya haidroliki, linakuwa na uwezo wa kuchimba. Ila mkono ule unavuta ardhi kwa nguvu kubwa, na nguvu hiyo lazima ipate pa kwenda. Panatakiwa fremu ndefu ya chuma ipite chini ya trekta mpaka mbele, ibebe mzigo wote. Ukiufunga kwenye vile vyuma vya kubebea jembe peke yake, nguvu yote inaishia kiunoni mwa trekta, pale ilipo klachi.

Haya nayajua kwa sababu nilivunja. Nilikuwa kijana, Mzee Pongwa alikuwa amevuka kwenda bara, na fremu nikaiona inanichelewesha. Nikaiacha. Nikaenda kung'oa kisiki cha mkorosho. Trekta likainuka mbele, likatoa mlio kama bati linalochanwa, kisha likakatika vipande viwili. Nilibaki nimekaa kwenye kiti huku, usukani uko kule. Mzee Pongwa aliporudi alilizunguka trekta mara mbili kimya. Akaniuliza, "Umeumia?" Nikasema hapana. "Basi kalete spana, tufungue kilichobaki." Hakunitukana. Afadhali angenitukana, maana ule ukimya nilikwenda nao nyumbani na nikaishi nao.

Turudi kwa Bi Zuwena. Babu zake upande mmoja walitoka Omani, upande mwingine ni wa hapa hapa kisiwani, na shamba alilorithi ni kubwa: minazi, mihogo, ng'ombe kadhaa, na kipande cha bonde la mpunga. Mumewe alipofariki aliacha trekta dogo ambalo hakuna mtu nyumbani aliyejua kuliendesha. Bi Zuwena akajifunza mwenyewe, peke yake, akizunguka kati ya minazi. Wiki ya kwanza Baleni nzima ilimcheka. Wiki ya pili wakaanza kuja kumwomba awalimie.

Alikuja kwangu Kilindoni asubuhi moja, amejifunga mtandio barabara, mguuni kavaa buti za mpira.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Bi Zuwena. Karibu kiti."

"Nimekaa sana juu ya pikipiki, niache nisimame. Kuna mtu Utende amemaliza kujenga nyumba zake za wageni. Anauza mkono wa kuchimbia. Trekta lake ni la aina moja na langu, na fremu yake anayo. Ninunue?"

Wanangu, hapa ndipo napaswa kusema ukweli. Nilikuwa nimestaafu muda si mrefu na mikono ilikuwa inaniwasha kwa kukosa leva. Nilikuwa nikipita penye mtambo unaochimba nasimama kama mtoto anayeangalia ngoma. Kabla hajamaliza sentensi, moyo wangu ulishasema nunua, na ulishaniona mimi nimekaa juu yake.

"Nunua," nikasema.

Alinitazama. "Kwa mwaka nitautumia siku ngapi?"

Nikakohoa. Nikaanza kuhesabu: visiki vya minazi iliyokufa, mtaro wa bondeni, lambo dogo la kunyweshea ng'ombe alilokuwa akilitaka, mashimo ya miche mipya.

"Na hizo siku nyingine, mkono ukikaa tu, unaharibika kwa nini?"

Hilo nililijua: kutu kwenye silinda, mipira ya mafuta kukauka na kupasuka, hewa yetu hii ya chumvi. Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akauliza la tatu.

"Kazi gani mkono huu unaifanya vibaya?"

Miaka zaidi ya thelathini, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Watu wanaokuja kununua mashine wanauliza inaweza nini. Yeye alitaka kujua inashindwa wapi.

"Sijui," nikasema.

"Basi twende tukajue," akasema.

Tulikwenda Utende. Sikilizeni namna ya kukagua, maana hii ni elimu ya bure. Kwanza shika kijiko kwa mikono yako miwili ukitikise kushoto na kulia. Kikicheza sana, pini na bushi za viungo zimekwisha. Pili, chukua kitambaa safi uzifute fimbo za silinda zinazong'aa. Kitambaa kikikwaruza au kikitoka na mafuta mengi, sili zinazozuia mafuta zimekufa. Tatu, inua mkono juu, zima injini, nenda kanywe kahawa. Tulikunywa kahawa na mwenye mali, tukazungumza habari za bei ya saruji na za wajukuu wake. Tuliporudi mkono ulikuwa umeshuka kidogo tu, kama upana wa kidole. Ulikuwa mzima. Bi Zuwena akamwambia mwenyewe, "Nipe siku mbili niujaribu kwenye ardhi yangu. Ukifaa, tutazungumza." Yule bwana akakubali, na kwa kumkubalia Bi Zuwena hakuna aliyewahi kujuta.

Siku ya kwanza tulikwenda kwenye visiki. Tuliufunga mkono pamoja na fremu yake yote, nati kwa nati, na mbele tukaongeza vyuma vya uzito. Kisha nikakaa. Nawaambieni, mashine ile ilikuwa na adabu. Unashusha miguu miwili ya chuma ya pembeni, ya kulitegemeza trekta, mpaka magurudumu yanakaribia kuinuka, unachimba kuzunguka kisiki, unakata mizizi upande mmoja baada ya mwingine, halafu unaingiza meno ya kijiko chini na kuvuta taratibu. Kisiki cha mnazi kina mizizi kama nywele za mtu asiyechana, elfu kwa elfu. Kinatoka na tope lake lote, kama jino. Kazi ya wanaume wanne kwa siku nzima niliimaliza kabla chai haijapoa. Watu walikusanyika, wakawa wanapiga makofi kila kisiki kikitoka. Nami nilianza kuinama kidogo kila baada ya makofi. Ndiyo, nilikuwa naitikia.

Bi Zuwena hakupiga makofi. Alikuwa anatembea nyuma yangu, anainama, anagusa ardhi. Mwisho akaja ubavuni mwa trekta.

"Fundi, uzito huu unaibana ardhi. Hapa karibu na minazi mizima mizizi itakosa pumzi. Tukipita, tupite njia moja tu, tusizungukezunguke."

Sikuwa nimeliona. Niliona visiki peke yake.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya lambo. Mahali alipopachagua ni pa chini, kando ya shamba, na hatua kama hamsini kutoka hapo kuna kisima cha mtaa. Nyumba zote za upande ule zinakunywa hapo. Kwa sababu hiyo Bi Zuwena alimwita Mzee Kombo.

Mzee Kombo ni mchimba visima. Visima vingi mnavyoviona kuanzia Kilindoni kwenda kaskazini vimepita mikononi mwake. Ana kamba yenye mafundo ya kupimia kina, ana jembe fupi, na ana ulimi. Kisiwani kwetu maji matamu yamekaa juu, na chini yake kuna maji ya chumvi. Katikati, sehemu nyingi, lipo tabaka la udongo wa mfinyanzi linalotenganisha. Mzee Kombo anachimba, anachukua kidonge cha tope, anakitia mdomoni, anatema. Kwa kuonja tu anajua amebakiza kiasi gani kuifikia chumvi. Mimi na mashine yangu yote hatuna kitu cha namna hiyo.

Tulichimba pamoja asubuhi nzima, mimi juu, yeye ukingoni. Anateremka, anaonja, anapanda, ananionyesha kwa mkono: endelea, simama, upande huu. Lilikuwa lambo zuri. Ilipokaribia adhuhuri akateremka mara ya mwisho, akashusha kamba yake, akapanda.

"Hapo hapo, Fundi. Umefika. Usiongeze kina mpaka nitoke kusali."

Akaondoka kwenda msikitini, na watu wengi wakaondoka naye. Mimi nilibaki niifunge mashine kwanza, kisha niwafuate.

Nikaangalia chini. Kona moja ya lambo ilikuwa na nundu. Kitu kidogo, kama mgongo wa kobe. Kina kilikuwa kinatosha, ila kona haikuwa imenyooka, na mimi kazi yangu siku zote ilikuwa ikisifiwa kwa kunyooka. Nikasema, nisawazishe tu. Nikashusha kijiko. Kikanikubalia kirahisi mno, kikazama kuliko nilivyotaka, kikatoka na udongo wa kijivu. Mahali pale maji yakaanza kububujika kidogo kidogo kutoka chini.

Nikazima injini. Nikaenda kusali. Sikumbuki niliomba nini.

Mzee Kombo aliporudi alikuta maji yamejaa mpaka vifundoni. Akachovya kidole, akaonja. Uso wake ukabadilika.

"Chumvi," akasema. "Fundi, kimetokea nini hapa?"

Na mimi, mzee mwenye mvi, mwenye wajukuu, nikasema, "Labda tabaka limepasuka lenyewe. Lilikuwa jembamba."

Akatazama kamba yake. Akahesabu mafundo mara mbili. Akasema polepole, "Basi nimepima vibaya."

Alasiri ile habari ilienea mtaani. Wanawake walikuja kisimani na ndoo, wakaonja, wakatazamana. Maji yalikuwa bado matamu, lakini mtu akiogopa chumvi huionja hata kwenye asali. Jirani mmoja, Bi Mwanahawa, mama mwenye roho safi kabisa, akamwambia Mzee Kombo mbele ya wote, "Kaka, macho yamechoka. Si aibu kupumzika." Alisema kwa huruma. Mzee Kombo akaitikia, "Huenda kweli," akakunja kamba yake na kuondoka bila kumuaga mtu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nikaifuta leva kwa kitambaa, leva ambayo haikuwa na vumbi.

Nililala kwa mpwa wangu hapo Baleni. Nilipewa wali wa nazi na samaki, nikasema nimeshiba. Asubuhi nikatoka mapema kwenda lamboni, nikamkuta Mzee Kombo ameshafika. Alikuwa amechuchumaa ukingoni, amenyoosha kamba yake juu ya mchanga, na pembeni ameweka kamba nyingine mpya. Alikuwa anapima fundo kwa fundo kuona kama ile ya zamani imenyooka kwa uzee. Mtu aliyewapa maji watu wa nusu ya kisiwa alikuwa anatafuta kosa kwenye kamba yake, na kosa nilikuwa nalo mimi mfukoni.

Kisimani palikuwa na wanawake saba au wanane, Bi Mwanahawa akiwa mmojawapo. Bi Zuwena pia alikuwepo, ameshika kikombe cha bati, ndiyo kwanza amekunywa. Nikatembea mpaka katikati yao, nikamwita Mzee Kombo kwa sauti ili asikie kila mtu.

"Mzee Kombo, kamba yako haina kosa. Ulipokwenda kusali uliniambia nisiongeze. Niliongeza. Nilitaka nisawazishe kona ipendeze. Kijiko kimoja. Jana nilikudanganya, na nimewaacha watu wakudhanie wewe."

Ndoo moja ilikuwa inadondosha matone, nikawa nayasikia. Nilitegemea anitukane, na ningeyapokea.

Mzee Kombo akasimama. "Kijiko kimoja?"

"Kimoja."

"Kona ipi?"

"Ile ya kuelekea mkorosho."

"Na kwingine kote hukugusa?"

"Wallahi sikugusa."

Akavuta pumzi ndefu, nikaona mabega yake yanashuka. "Wewe mtu! Usiku kucha nimekaa nikidhani tabaka zima limepasuka, na hilo halina dawa. Kumbe ni tundu." Akageuka. "Bi Zuwena, nataka udongo wa mfinyanzi kutoka bondeni, mwingi, na upesi. Fundi, panda mashine yako. Leo utachimba ninapokuambia mimi."

Nilichimba. Mkono ule ulifanya kazi siku hiyo kama unajua umekosa. Tulileta udongo kwa tela, safari baada ya safari, Bi Zuwena mwenyewe akimwaga kwa koleo. Mzee Kombo akateremka ndani ya lile tope la chumvi mpaka magotini, akatafuta tundu kwa nyayo zake, akalipata. Tukalijaza tabaka kwa tabaka. Kila tabaka yeye alilikanyaga kwa miguu, kisha mimi nikaligandamiza kwa mgongo wa kijiko, taratibu, akiniongoza kwa kiganja. Kwa mikono mitupu tungechukua siku nyingi, na chumvi ingepata muda wa kutembea mpaka kisimani. Kwa mashine peke yake tungetoboa tena. Saa kumi alasiri maji yalikuwa yameacha kupanda.

Siku tatu zilizofuata Bi Zuwena alikuwa wa kwanza kisimani. Alikunywa kikombe kizima kila asubuhi kabla hajamruhusu mtu mwingine kuchota. Siku ya tatu nilikuwepo. Alikunywa, akafumba macho, akampa Mzee Kombo kikombe. Mzee Kombo akaonja, akaonja tena, akamwita Bi Mwanahawa. "Njoo uonje, dada yangu, uniambie kama macho yangu yamechoka." Bi Mwanahawa akanywa, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akamshika mikono na kumwomba radhi.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kufungua nati za fremu nirudishe mkono Utende, maana zile siku mbili tulizoomba zilishapita. Sikuwa na shaka kwamba hautanunuliwa, na sikujiona nina haki hata ya kuuliza. Bi Zuwena akaja, akakaa juu ya gurudumu la tela.

"Unafungua nini, Fundi?"

"Tunarudisha mali ya watu."

"Nani kakwambia inarudi?" Akaelekeza kidole minazini. "Siku ile nilikuwa chini ya mnazi, nakusanya madafu. Nilikuona ukishusha kijiko."

Spana iliniponyoka. "Ulijua? Na hukusema?"

"Ungefika adhuhuri ya kesho yake bila kusema, ningesema mimi. Mzee Kombo nisingemwacha abebe mzigo wa mtu. Lakini nilikupa mpaka adhuhuri." Akaokota spana akanirudishia. "Mashine niliipenda tangu kisiki cha kwanza. Inashindwa wapi nimeona, na Mzee Kombo nimemuomba, lambo wala kisima sitachimba bila yeye. Kilichokuwa kinanizuia ni kimoja tu. Mimi sijui kuuendesha mkono huu, itabidi unifundishe wewe. Sasa mwalimu akinificha makosa yake, nitayarudia yale yale bila kujua kama ni makosa."

Nikaishika spana, nikauliza lile lililokuwa moyoni tangu Kilindoni, japo kwa sauti ndogo. "Kwa hiyo dereva atakuwa nani?"

Bi Zuwena akacheka mpaka akashika kiuno. "Dereva mimi! Wewe utasimama pembeni. Nikizidisha hata kijiko kimoja, piga kelele."

Basi vijana wangu, mkipita Baleni mkamwona mwanamke juu ya trekta anashusha mkono ardhini taratibu kama anayemlaza mtoto, na mzee mmoja pembeni anapiga kelele na kurusha mikono, msidhani tunagombana. Tuko kazini.